Jina Ubavuni

Dalali ana funguo arobaini ubaoni,
kila ufunguo na kizibo chake, usizame ukianguka.
Ananiita "rafiki yangu" tangu kwenye simu,
kabla hajaniona.
Mkono wake una joto la mtu
aliyekwisha kuuza mara mbili asubuhi hii.

Kizuri chajiuza, nasema kimoyomoyo,
nikimfuata ukingoni mwa mfereji, Braunston, Februari,
manyunyu yasiyoamua kunyesha wala kuacha.
Maboti yamelala ubavu kwa ubavu
kama viatu mlangoni mwa msikiti.
Hili ni la chuma, futi arobaini na tano,
kijani kilichopauka,
na ubavuni, kwa herufi za dhahabu: DOREEN.

Ndani, harufu ya dizeli, makaa na soksi mbichi.
Kitanda kinakunjwa kuwa meza,
meza inakunjwa kuwa si kitu.
Dalali hasemi "linavuja." Husema "lina historia."
Nilipouliza habari za injini alikohoa,
na injini, ilipowashwa, ikakohoa vilevile,
nikajua hawa wawili wamefanya kazi pamoja siku nyingi.

Nikamlipa mkaguzi, Balraj wa Wolverhampton.
Boti likainuliwa, naye akalala chali chini ya tumbo lake,
akigonga kwa nyundo, akisikiliza,
kama daktari na mgongo wa mtoto.
"Hapa milimita tano. Hapa nne na nusu. Hapa..."
Akanyamaza. Akachora duara kwa chaki.
Kwa duara lile nilipunguza pauni elfu mbili.
Dalali akaguna kana kwamba zimetoka mfukoni mwake,
na kweli, chache zilitoka.

Miaka saba ya zamu za usiku, basi la Coventry,
walevi, matapishi, saa za ziada,
senti juu ya senti kwenye akaunti
ambayo Mwajabu haijui.
Nitamleta akiwa amefumba macho, nilijiambia.
Akifumbua, atalikuta jina lake.

Siku ya kutia sahihi, mwenye boti alibaki garini.
"Mwache," dalali akasema, "ni mjane, ana majonzi.
Yote yapitie kwangu."
Lakini dalali naye ana kibofu.
Alipokwenda msalani nilivuka uwanja, nikagonga kioo.
Pole yangu nilikuwa nimeiandaa tangu usiku:
"Bi Doreen, jina lako sitaligusa."

Akashusha kioo nusu.
"Liguse," akasema. "Likwangue lote.
Miaka kumi na tisa kanifunga kwa kamba kila mji,
kanipaka rangi, kaniegesha kwenye tope,
watu nisiowajua wananisoma wakipita na mbwa wao.
Alilinunua bila kuniuliza.
Zilikuwa pesa za jiko langu jipya.
Na mimi, kijana, hata kuogelea sijui."
Akapandisha kioo. Akakishusha tena:
"Pampu ya maji ikigoma, ipige teke. Upande wa kushoto."

Jumamosi nikaanza kukwangua.
D ilikuwa ngumu; zilizobaki zikafuata.
Chini ya Doreen, bluu. Chini ya bluu, nyeupe.
Na kwenye nyeupe, kama mtu anayechungulia kwa pazia:
EDITH.

Nikasimama na kikwangulio mkononi,
kopo la rangi ya dhahabu miguuni, bado halijafunguliwa.
Bata dume akapita, akanitazama kwa jicho moja.
Nikapangusa viganja kwenye suruali,
nikatafuta simu.

Iliita mara tano.
"Uko wapi?" Mwajabu akasema.
"Na mbona nasikia mabata?"